Usukani unaocheza na gia inayoruka jino: kisa cha trekta kuukuu la bustani

Trekta lenyewe ni la bustani, la zamani: fremu ya bati nene, injini ya silinda moja, ekseli ya mbele ya chuma cha kusubu. Vipuri vya usukani wake havitengenezwi tena. Mwenyewe alikuwa na malalamiko mawili aliyoyachukulia kuwa moja. Kwanza, usukani unacheza mno; anauzungusha karibu robo ya mzunguko ndipo magurudumu yaanze kuitikia. Pili, akikata kona trekta likiwa limesimama, gia inaruka jino kwa kishindo na usukani unabaki umekaa upande. Meno ya gia yalikuwa yamelika hadi kuchongoka, na kila anayeinama kuchungulia chini ya dashibodi anayaona, kwa hiyo ombi lake lilikuwa fupi: zichongwe gia mbili mpya.

Zilichongwa, lakini baada ya kila kitu kingine. Zingewekwa mapema, mahali palepale pa zile za zamani, zingelika kwa namna ileile, na usukani ungeendelea kucheza karibu vilevile.

Mfumo ni rahisi kuufuata kwa macho. Usukani umefungwa kwenye shafti ya milimita 19. Shafti inashuka hadi kwenye bushi (bomba fupi linaloishikilia) iliyo kwenye bati la fremu, na chini yake imebeba pinioni, gia ndogo ya meno 8. Pinioni inashikana na gia ya robo duara yenye meno 15, inayogeuka kwenye boliti nene iliyosimama kwenye fremu. Robo duara hiyo ina mkono wa milimita 75, na kwenye mkono huo imefungwa draglinki, fimbo inayokwenda mbele hadi kwenye mkono wa stabu ekseli (kipande kinachobeba gurudumu) ya kushoto, wenye urefu wa milimita 100. Kutoka hapo fimbo nyingine, tairodi, inapeleka mwendo upande wa kulia. Si matrekta yote ya bustani yako hivi. Cub Cadet za mwanzo, kwa mfano, zilikuwa na kisanduku cha usukani cha kampuni ya Ross, ambacho kina skrubu ya kupunguzia mchezo. Hapa hakuna skrubu ya aina hiyo. Kilicholika hakina pa kukazwa.

Mchezo unatoka wapi

Kabla ya kufungua nati hata moja, kila kiungo kilichorwa mstari wa rangi unaovuka pande zote mbili: kitovu cha usukani na shafti, pinioni na robo duara, bolijointi (kiungo cha tufe kwenye ncha ya fimbo) na mkono, mkono na kingipini (pini ya wima ambayo gurudumu hugeukia). Magurudumu yaliachwa chini, yamebeba uzito wake, maana ukiyanyanyua yanageuka yenyewe na kukuficha ukweli. Mtu mmoja akawa anazungusha usukani polepole, mwingine akiangalia mstari upi unaanza kuachana na mwenzake, na kwa kiasi gani.

Jumla ilikuwa digrii 74 za usukani. Kwenye usukani wa kipenyo cha milimita 330, hizo ni zaidi ya sentimita 20 za ukingo zinazopita mkononi bila kufanya kazi yoyote. Sasa gawio lake.

Gia, zile zile mbaya kuziangalia, zilikuwa na digrii 16 tu. Bolijointi mbili za draglinki zilikuwa na mchezo wa milimita 2 kila moja, na hizo zilileta digrii 23. Mkono wa stabu ekseli ulikuwa umelegea kwenye kingipini kwa digrii 2, kiasi ambacho ukiushika kwa mkono unaweza kuapa kwamba umekaza. Huo ulileta digrii 20. Tundu la robo duara, lililokuwa limelika na kuwa la yai, lilichangia kama digrii 10. Zilizobaki zilitoka kwenye pini ya kitovu cha usukani.

Inakuwaje digrii 2 huku mbele ziwe 20 mkononi? Robo duara ina meno 15 katika digrii 90, kwa hiyo ingekuwa duara kamili ingekuwa na meno 60. Pinioni ina 8. Usukani unazunguka mara 7.5 zaidi ya robo duara. Mkono wa milimita 100 ukilegea digrii 2, ncha yake inasogea milimita 3.5; milimita hizo zikifika kwenye mkono wa milimita 75 zinakuwa digrii 2.7, zidisha kwa 7.5. Mchezo ulioko baada ya gia unazidishwa, ulioko kwenye gia zenyewe hauzidishwi. Kwa hiyo kiungo kilicho mbali na mkono wa dereva, kilichofunikwa na matope, ndicho cha kutiliwa shaka kwanza. Wengi huanzia upande wa pili kwa sababu ndiko kunakoonekana.

Kwa upande wa mchezo, basi, gia mpya zingeondoa chini ya robo ya tatizo. Lakini lilibaki lalamiko la pili, na hilo lilikuwa na chanzo chake.

Meno yanasema nini

Gia hairuki jino kwa sababu imelika tu. Inaruka kwa sababu gia mbili zimeachana. Meno yanaposukumana, sehemu ya nguvu inazielekeza gia zitengane, na kazi ya kuzizuia ni ya bushi na boliti. Bushi ya chini ya shafti ilikuwa imetanuka kiasi kwamba pinioni ilisogea milimita 1.5 mbali na robo duara kila usukani ulipopata uzito. Katika meno yenye kimo cha milimita 5 na ushei, hiyo ni sehemu kubwa ya mshikano.

Kilichonivutia zaidi ni mahali ulaji ulipoishia. Robo duara ina unene wa milimita 8, lakini meno yake yalikuwa yamelika upande wa juu tu. Upande wa chini ulibaki ukanda wa kama milimita 3 ambao haujaguswa, wenye alama za kiwandani. Pinioni nayo vivyo hivyo, ncha yake moja ilikuwa nzima. Maana yake ni kwamba robo duara ilikuwa imeshuka. Washa (kipete bapa cha chuma) iliyokuwa chini yake ilishalika ikaisha, gia ikakaa chini ya mstari wake, na mzigo wote ukabebwa na zaidi kidogo ya nusu ya upana wa meno. Washa ya thamani ndogo kuliko kitu kingine chochote kwenye trekta ndiyo iliyokula gia.

Ukanda huo mzima uligeuka kuwa bahati. Umbo la asili la jino, ambalo kwa kawaida hupotea pamoja na gia, lilikuwa limehifadhiwa pale pale.

Njia mbili za mkato zilifikiriwa. Kuongeza chuma kwa kuchomelea kwenye meno kisha kuyapiga tupa kunawezekana kwenye robo duara, kwa kuwa imekatwa kwenye bati la chuma cha kawaida. Pinioni hii ilikuwa ya chuma cha unga kilichobanwa na kuchomwa, chenye vinyweleo vilivyojaa oili. Uchomeleaji ndani yake hutoka mapovu na nyufa. Njia ya pili ni kuigeuza pinioni nusu mzunguko ili meno yaliyopumzika yaje katikati, mahali trekta linapokwenda moja kwa moja na ulaji unapokuwa mkubwa. Hii ni mbinu nzuri ya kuvukia msimu. Gia ikishaanza kuruka, imechelewa.

Bushi yenye tundu la pembeni

Kipuri cha kwanza kutengenezwa kilikuwa bushi ya chini ya shafti, na hapa ndipo fundi mkereza alipotoa wazo lililookoa kazi yote. Badala ya kutoboa tundu katikati ya bushi, alilitoboa pembeni kwa milimita 0.75. Bushi ya bronzi yenye shingo pana, shingoni ina mpasuo wa upinde na boliti ya kuibana. Ukilegeza boliti na kuizungusha bushi, shafti inasogea kuelekea kwenye robo duara au kuikimbia, milimita 1.5 kwa jumla.

Faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Gia za kuchongwa karakana hazitakuwa na usahihi wa kiwandani. Bila namna ya kusogeza pinioni, kosa dogo la unene wa jino linakuwa ama mchezo wa kudumu ama usukani unaokwama katikati ya kona. Bushi hii inaupa mfumo kile ulichokosa tangu mwanzo, mahali pa kukaza.

Shafti yenyewe ilibadilishwa nzima, kwa chuma cha fimbo kilichonyooka cha kipimo kilekile. Kuirekebisha ile ya zamani kulikuwa na kazi zaidi kuliko kukata mpya.

Gia

Kabla ya kuchonga ilibidi kujua gia ni za kipimo gani, yaani meno yake yana ukubwa gani, na hapo kuna mtego. Kanuni ya kawaida ni kuchukua kipenyo cha nje cha gia na kukigawa kwa idadi ya meno ukiongeza mawili. Pinioni ilipimwa kwenye ncha yake nzima: milimita 26.7. Gawa kwa 10 unapata 2.67, namba isiyolingana na kipimo chochote cha kawaida. Tatizo ni uchache wa meno. Gia yenye meno 8 ikichongwa kwa kanuni ya kawaida, mashina ya meno yanakatwa ndani na kuwa dhaifu, kwa hiyo watengenezaji huiongezea kipenyo makusudi na kuyafanya meno yawe manene. Kanuni ya kipenyo cha nje hukudanganya kwenye pinioni ndogo.

Kipimo kisichodanganya ni umbali kati ya vitovu. Tundu la bushi kwenye bati la fremu lilikuwa bado la duara, na boliti ya robo duara ilikuwa haijainama. Kutoka kitovu hadi kitovu ni milimita 86.4. Jumla ya meno ya pinioni na ya duara kamili ni 68, nusu yake 34. Gawa 86.4 kwa 34 unapata 2.54. Hiyo ni gia ya kipimo cha inchi, meno 10 kwa kila inchi ya kipenyo, jambo la kutarajiwa kwa trekta lililoundwa kwa inchi. Kishawishi cha kuifanya 2.5 ili kutumia zana za kimetriki kipo, lakini gia mbili za 2.5 zingetaka vitovu viwe umbali wa milimita 85. Pungufu hiyo ya milimita 1.4 ni zaidi ya uwezo wa bushi ya pembeni, ambayo kutoka katikati inasogeza milimita 0.75 tu kila upande.

Kilichobaki ni mwinamo wa ubavu wa jino. Gia za zamani huwa na digrii 14.5 au 20, na kwa macho huwezi kuzitofautisha kwa uhakika. Kalipa inaweza. Ukipima kwa kukumbatia meno 6 ya robo duara kwenye ule ukanda mzima, kisha meno 7, tofauti ya vipimo hivyo viwili inakuambia: kwa kipimo hiki cha gia, digrii 14.5 zingetoa milimita 7.73, digrii 20 zingetoa 7.50. Ilikuwa 7.5. Basi digrii 20.

Robo duara ilichorwa kwenye kompyuta kutokana na namba hizo. Sikubaliani na wanaoskani gia iliyolika na kufuata mstari wa picha, kwa sababu wanachonga upya ulaji uleule. Skana ilitumika kwa kazi moja, kuhakikisha mkono na matundu yake yako mahali pake. Mchoro ulichapwa kwenye karatasi ya plastiki, ukawekwa juu ya gia ya zamani upande wenye ukanda mzima, meno yakalaliana. Kisha bati la milimita 8 likakatwa kwa leza. Tundu la katikati lilikatwa dogo makusudi, likatobolewa na kupitishwa rima (zana ya kusawazisha tundu hadi kipimo kamili) baadaye, likatiwa bushi ya bronzi. Leza huacha ukingo mgumu na mwinamo mdogo kati ya uso wa juu na wa chini. Kwenye meno mwinamo huo unavumilika, kwenye tundu la kubeba mzigo hauvumiliki.

Pinioni ilikuwa ngumu zaidi. Seti ya kawaida ya visu vya kuchongea gia inaishia kwenye meno 12; kwa meno 8 hakuna kisu cha kununua. Ilibidi kisu kimoja cha kuzunguka kinolewe kwa mkono hadi kilingane na uwazi kati ya meno mawili ya ile ncha nzima ya pinioni ya zamani, ukikitazama kwenye mwanga hadi usione mstari. Kwa kisu hicho na kichwa cha kugawia duara sehemu nane, pinioni ilichongwa kwenye chuma cha kaboni ya kati, kikapashwa hadi kikawa chekundu, kikazamishwa kwenye oili, kisha kikapashwa tena kwa joto la chini ili kisivunjike kama kioo.

Robo duara haikufanywa ngumu. Kila jino la pinioni linafanya kazi mara nyingi kuliko jino la mwenzake, na pinioni ndiyo iliyogharimu jasho. Robo duara inakatwa tena kutoka kwenye mchoro wakati wowote. Kama lazima moja iliwe, iwe hiyo.

Mikono, draglinki na kingipini

Mkono wa stabu ekseli, ule wa digrii 2, ulikuwa umeshikwa na ufunguo wa nusu mwezi, kipande cha chuma kinachouzuia usizunguke kwenye kingipini, uliokuwa umekula ukingo wa nafasi yake. Fundi wa haraka angeuchomelea. Lakini mkono huo ndio unaozuia kingipini isichomoke kwenye ekseli; ukiuchomelea, siku ya kubadilisha bushi utalazimika kuukata. Zaidi ya hapo, uchomeleaji mbaya kwenye kipande kinachoelekeza gurudumu ni kitu ambacho sikitaki hata kwenye chombo kinachokwenda mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Ulitobolewa tundu jipya kupita mkono na kingipini kwa pamoja, robo mzunguko kutoka pa zamani, likapitishwa rima ya mshazari na kutiwa pini ya mshazari ya milimita 6. Kipenyo cha pini kisizidi theluthi ya shafti, la sivyo unatibu mkono na kuidhoofisha kingipini.

Kabla ya kutoboa, pembe ya mkono ilihakikishwa. Gurudumu la ndani ya kona lazima lipinde zaidi ya la nje, na hilo hufanyika kwa kuielekeza mikono ili mistari yake ikutane katikati ya ekseli ya nyuma. Rudolph Ackermann ndiye aliyeipatia kanuni hiyo hataza Uingereza mwaka 1818, kwa niaba ya Georg Lankensperger wa Munich aliyeibuni kwa magari ya farasi. Hapa kingipini zina umbali wa milimita 640 na ekseli mbili umbali wa milimita 1170, kwa hiyo kila mkono unaingia ndani digrii 15 na kidogo. Ule wa kulia, ambao haukuwa umelegea, ulikuwa hivyo hivyo, na wa kushoto ukafuatishwa kwake.

Draglinki na tairodi zilitengenezwa upya kwa fimbo ya chuma, kila moja ina hesi ya kulia ncha moja na ya kushoto ncha nyingine, ili urefu urekebishwe bila kufungua kitu. Bolijointi zilinunuliwa, kuzichonga ni kupoteza muda. Mambo mawili tu yanataka umakini. Ekseli ya mbele inapanda na kushuka ikipita kwenye mashimo, kwa hiyo iinamishe hadi mwisho wake pande zote mbili uone kama bolijointi inagonga ukingo wa nyumba yake, maana ikigonga, kinachofuata ni fimbo kupinda au boliti kukatika. Na juu ya kila bolijointi iwekwe washa pana kuliko tufe lake, ili tufe likichomoka siku moja, fimbo isianguke.

Matundu ya kingipini kwenye ekseli yalikuwa yametanuka juu na chini kama mdomo wa tarumbeta, huku katikati yakibaki karibu na kipimo cha asili. Hayakuonekana kwenye zile digrii 74, kwa kuwa ulaji huo hulitikisa gurudumu pembeni zaidi ya kuuchezesha usukani. Sehemu ya katikati ilitumika kuiongoza rima, matundu yakapanuliwa hadi inchi 7/8, bushi za bronzi ngumu zenye mfereji wa grisi zikasukumwa ndani. Zile bushi za bronzi yenye oili ndani yake sikuzipenda kwa kazi hii. Zinafaa shafti inayozunguka kwa kasi, wakati kingipini inajigeuza polepole na kupigwa na mashimo. Bushi ikishasukumwa ndani hubana kidogo, hivyo rima ilipita tena mwishoni.

Ufungaji ulianzia mbele kwenda nyuma. Magurudumu yakanyooshwa, mbele yakiwa yamekaribiana milimita 3 kuliko nyuma, jino la katikati la robo duara likawekwa kwenye pinioni, na draglinki ikarefushwa ifikie hapo, badala ya kuivuta gia iifuate draglinki. Vizuizi vya kona kwenye ekseli vilihakikiwa vinagusa kabla robo duara haijafika jino lake la mwisho. Washa chini ya robo duara zikaongezwa hadi meno yakalingana upana wote. Mwisho bushi ya pembeni ikazungushwa hadi gia zikabana, ikarudishwa kidogo, usukani ukapitishwa kona hadi kona kuona kama pana mahali unapokaza, boliti ikafungwa.

Mchezo uliobaki ni chini ya digrii 8, kama sentimita 2 za ukingo. Trekta likisimama kwenye udongo mgumu na magurudumu yakilazimishwa kugeuka, gia haziruki tena. Grisi haikupakwa kwenye meno. Yako wazi, na grisi iliyochanganyika na vumbi na majani makavu ni msasa. Yalipakwa unga wa grafiti, na kipande cha bati kikafungwa kuzuia uchafu unaorushwa kutoka chini. Bushi ya pembeni itahitaji kukazwa upya bronzi ikishajikalisha, kazi ya spana moja.

Robo duara ya pili ilikatwa pamoja na ya kwanza kutoka kwenye bati lileile, ila tundu lake la katikati liliachwa dogo. Litapitishwa rima siku litakapohitajika, kwa kipimo ambacho boliti itakuwa nacho siku hiyo.